Vishada Viwili vya Zabibu Kavu

Neno la kusoma: 1 Samweli 30:11–15

Krismasi imekaribia, na kina mama wengi wanajiuliza watawapa watoto na wageni kitu gani kitamu kisichodhuru mwili wala kumaliza mfuko. Leo natembea nawe katika Ndia Kuu, hapa kisiwani Mombasa, tulitafute jibu.

Ndia Kuu ni njia ya kale inayoanzia karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Inaingia ndani ya Mji wa Kale, na Bandari ya Zamani iko karibu. Kwa karne nyingi majahazi yalifika bandarini hapo kwa upepo wa kaskazi, yakitoka Oman na pande za Ghuba, na katika shehena yake zilikuwamo tende zilizoshindiliwa ndani ya makanda. Kusi ilipoanza kuvuma, yalirudi na boriti za mikoko. Nahodha hakuwa na barafu. Tunda lililokaushwa vizuri ndilo lililovuka bahari bila kuharibika. Wazee walisema kweli: akiba haiozi.

Lakini utamu huo una upande mchungu, nasi tusiufiche. Katika karne ya 19 vyombo vingine vilirudi na watu. Walikamatwa bara, wakauzwa pwani, wakavushwa bahari, na baadhi yao wakatumikishwa katika mashamba ya mitende ya Oman. Tende za huko zilipata soko kubwa hata Marekani. Zilifika New York, zikaliwa katika sikukuu za mwisho wa mwaka. Huenda mezani waliomba baraka kwa moyo safi kabisa. Aliyekula hakumjua aliyechuma.

Mji wa Kale unayo kumbukumbu ya mambo hayo. Nyumba iitwayo Leven House ina jina la meli ya Kapteni William Owen, Mwingereza aliyefanya mapatano na Wamazrui mwaka 1824, na sharti moja lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ulinzi ule wa Waingereza uliondolewa mwaka 1826, na biashara ikaendelea. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kuikataza baharini. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS wakaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa hiki, kuwa makao ya watumwa waliookolewa. Hata hivyo, utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907. Hesabu mwenyewe: watu wangapi walizeeka wakingoja!

Sasa tulitazame Neno. Watu wa Daudi walimkuta kijana wa Misri amelala kondeni. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki. Bwana wake alimwacha kwa sababu aliugua, na kwa siku tatu hakula wala kunywa. Wakampa mkate na maji, kipande cha mkate wa tini, na vishada viwili vya zabibu kavu. Roho yake ikamrudia. Angalia utaratibu wao: walimlisha kwanza, ndipo Daudi akamwuliza yeye ni wa nani. Tunda kavu, chakula cha safari cha askari, likawa uzima kwa mtu aliyetupwa.

Mama msikilizaji, nawe unaweza kuandaa akiba ya namna hiyo. Majira haya maembe ni mengi pwani. Chagua yaliyoiva lakini bado magumu. Yaoshe, yamenye, uyakate vipande vyembamba vinavyolingana. Vitandaze kwenye ungo safi bila kupandana, uvifunike kwa kitambaa chepesi inzi wasitue, uanike juani. Kila jioni vianue kabla ya umande, na kesho yake uvigeuze. Baada ya siku mbili tatu za jua kali, kata kipande kimoja ukibinye: kikipindika bila kutoa maji, vimekauka. Vihifadhi katika chupa safi, kavu, yenye kifuniko cha kubana. Ukipenda achari, nyunyizia pilipili ya unga na chumvi kidogo. Ile rangi nyekundu ya dukani si lazima. Mabuyu nayo yapike kwa sukari kidogo na iliki, lakini watoto wadogo wasipewe, maana mbegu huweza kuwakaba. Tende zitoe kokwa, utie korosho ndani. Kumbuka kwamba tunda likikauka, maji hutoka lakini sukari yake hubaki. Basi tule kwa kiasi, hasa mwenye ugonjwa wa kisukari.

Chupa zikijaa, usizipange zote mezani kwa wageni wenye viatu vizuri. Tenga moja kwa ajili ya mtu aliyeanguka kondeni. Labda ni msichana wa kazi aliyefukuzwa alipougua. Labda ni mzee jirani ambaye watoto wake hawaji tena, awe wa kanisa letu au Mwislamu wa mtaa wa pili. Mpe kwanza, maswali yatafuata. Na yule anayekuosheja maembe hayo jikoni, je, umemlipa mshahara wake wa mwezi huu? Usiombe baraka juu ya sahani kabla ya kumjibu huyo.

Tuombe. Ee Bwana, utupaye jua na matunda kwa majira yake, tufumbue macho tumwone aliyechuma, aliyebeba na aliyepika. Utupe mkono wa kutoa kabla ya kinywa cha kuuliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.