Kipindi cha kujirudia (kwa mafuriko)

kipindi cha kujirudia nm [ki-/vi-] (haidrolojia) wastani wa miaka inayopita kati ya mafuriko yanayofikia au kuzidi kiwango fulani. Pia *kipindi cha marejeo*. Umbo hili si kosa, ila *marejeo* tayari ni orodha ya vitabu mwishoni mwa maandishi, na msomaji hujikwaa.

Matumizi. Utata umo katika -a unganifu. *Sherehe za miaka 50* hufanyika miaka 50 ikitimia. *Mafuriko ya siku tatu* hudumu siku tatu. *Mafuriko ya miaka 50* hayana maana hata moja kati ya hizo. Mkazi wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, akiambiwa kwamba maji ya Mto Mbarali yaliyofunika majaruba yake ya mpunga yalikuwa "ya miaka 50", ataelewa kuwa zamu inayofuata ni ya wajukuu, naye atajenga upya palepale. Kumbe kinachosemwa ni kwamba kila mwaka, ukiwemo ujao, kuna uwezekano wa asilimia 2 wa maji kufika hapo tena. Nyumba ikisimama miaka 30 mahali hapo, uwezekano wa kufikiwa angalau mara moja ni karibu asilimia 45. Kwa mafuriko "ya miaka 100" ni asilimia 26, nayo si ndogo kwa mwenye nyumba.

Namba hupatikanaje. Huchukuliwa kilele kimoja cha mtiririko kwa kila mwaka, kisha vilele hupangwa kuanzia kikubwa. Idadi ya miaka ikiongezwa moja na kugawanywa kwa nafasi ya kilele, jibu ndilo kipindi. Tuseme vipo vipimo vya miaka 39: kilele cha kwanza hupewa miaka 40, cha pili 20, cha tatu 13 na kidogo. Kiwango cha "miaka 100" kikitolewa kwenye vipimo hivyo, kimekisiwa kwa kurefusha mchoro kupita data iliyopo.

Bonde la Usangu lina tahadhari yake. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwaka unaofuata. Anayehesabu kwa kalenda huenda akagawa msimu mmoja na kupata vilele viwili. Wataalamu hutumia *mwaka wa maji*, unaoanza kabla ya mvua. Aidha, hesabu hudhani mto haujabadilika, ilhali mifereji ya umwagiliaji na ukataji wa misitu milimani hubadili mtiririko.

Afadhali: *mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 2 kila mwaka*.
Epuka: *mafuriko yatokeayo kila baada ya miaka 50*.

Linganisha gharika, mafuriko makubwa mno. Neno hili halipimwi kwa miaka.