Pamba ya Ziwani na Korosho za Pwani

Itazame nguo uliyovaa, msomaji. Ina mtande, yaani nyuzi zilizotandwa kwa urefu, na mshindio, yaani nyuzi zilizopitishwa kwa upana. Na yamkini ina maua au mistari juu yake. Maua hayo hayakujiotea. Yuko mtu aliyeketi akayachora, na kazi yake ni elimu kamili. Nchini Uingereza ni somo la mtihani wa juu wa sekondari. Kwetu Kenya aghalabu hufunzwa ndani ya Sanaa na Ubunifu. Wanafunzi wangu hulichagua kwa kudhani kuwa ni jepesi, nami huwaanzishia historia ya Kisumu, jambo ambalo huwaudhi kidogo.

Reli kutoka Mombasa ilifika ufuko wa Ziwa Viktoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, mwezi wa Desemba 1901. Mwaka 1903 mbegu za pamba zililetwa Uganda, na haukupita muda mrefu marobota yakawa yanavuka ziwa kwa meli, yanapakuliwa Kisumu, kisha yanashuka kwa gari la moshi hadi pwani, yakielekea viwanda vya Lancashire na baadaye vya Bombay. Serikali ya kikoloni ilitaka Nyanza nayo ilime, na machifu waliamriwa kuwahimiza watu. Wakulima hawakuwa wajinga. Walipima kazi ya pamba na bei yake, na wengi wakaona heri simsim na mahindi. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, pamba ilishika mizizi katika sehemu kama Samia na Kadimo.

Nyanya yangu aliilima huko Kadimo. Aliponisimulia habari zake alikumbuka mambo mawili tu: maumivu ya mgongo wakati wa kuchuma, na leso aliyoinunua kwa fedha za mavuno. Leso ile ilikuwa na korosho pembeni. Mkorosho ni mti wa pwani. Katika shamba lake haukuwamo hata mmoja.

Korosho hizo zilifikaje kwake? Leso ina pindo lake, mji wake katikati, na jina, yaani yale maneno. Wafanyabiashara wa Mombasa, kama Kaderdina Hajee Essak aliyeanza biashara mwaka 1887, walisikiliza matakwa ya wanawake wa pwani, kisha wakaagiza nguo zipigwe chapa ng'ambo. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kila nakshi ilitoka kwa Mzungu. Mwanamke wa Mombasa alikuwa na sauti katika nguo yake. Mwanamke wa Kadimo alikuwa na pamba.

Je, watu wa ziwani hawakuwa na nakshi zao? Mtazame mfinyanzi wa Kiluo. Huchukua uzi uliosokotwa, akauviringisha juu ya udongo mbichi, na alama zikajirudia kuzunguka chungu kizima bila kukatika. Rola ya shaba katika kiwanda cha kupiga chapa nguo hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Tofauti ni kwamba moja ilipewa jina la ufundi wa viwanda, na nyingine ikaachwa sokoni pamoja na vyungu.

Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alizichukua alama za namna hiyo kuwa jambo la kusomwa. Mwaka 1960 alitoa kitabu kizima juu ya nakshi za Afrika. Katika miaka iyo hiyo ya 1960 Kisumu ilipata kiwanda chake cha kusokota na kufuma, KICOMI. Shamba na mtambo vikawa katika jimbo moja. Lakini soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ilimiminika, pamba ikapungua, na kabla ya mwongo huo kwisha milango ikafungwa. Nenda leo soko la Kibuye uzipindue nguo zilizorundikwa: utaona maua ya nchi ambazo aliyezivaa kwanza na anayeziuza hawatakutana kamwe.

Baada ya historia hii huwapa wanafunzi kazi. Kila mmoja huchora, katika kipande cha karatasi cha mraba, kitu kimoja cha hapa: tete la mafunjo, ngege, tanga la mashua. Kisha huchora vipande vingine vitatu sawasawa na hicho, na kuviweka vinne pamoja. Karibu daima tanga hukatika pale karatasi zinapokutana, na mkia wa samaki haufiki kwenye kiwiliwili chake. Mwaka jana msichana mmoja aliviangalia vipande vyake kwa muda mrefu, akaniomba ruhusa ya kurudi nyumbani mapema, na kesho yake akaja na chungu cha nyanya yake amekikumbatia kifuani.