Uwazi wa Ada na Upangaji wa Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana: Mfano wa Ireland

Mzazi anayetafuta kituo cha kumlelea mtoto wake mchana huwa na maswali mawili: atalipa kiasi gani, na je, nafasi ipo? Katika Jamhuri ya Ireland, nchi yenye watu 5,149,139 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Serikali imeyashughulikia maswali hayo kwa njia mbili tofauti. Swali la ada limejibiwa kwa masharti yanayoambatana na fedha za umma. Swali la nafasi limebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa mamlaka za mipango miji na wawekezaji binafsi. Makala haya yanaeleza taratibu hizo mbili na sababu za ya kwanza kupiga hatua kubwa kuliko ya pili.

Watoa huduma na usimamizi

Vituo vingi nchini Ireland humilikiwa na watu binafsi au asasi za kijamii zisizotengeneza faida, si Serikali. Serikali huchangia gharama, huweka viwango na husimamia ubora. Usajili na ukaguzi hufanywa na Tusla, wakala wa mtoto na familia ulioanza kazi Januari 2014, na kituo hakiruhusiwi kupokea watoto kabla ya kusajiliwa. Aidha, zipo kamati 30 za malezi ya watoto katika ngazi ya miji na kaunti, ambazo huwashauri wazazi na watoa huduma katika maeneo yao.

Kwa miaka mingi kila mmiliki alijipangia ada yake mwenyewe, na familia zenye watoto wawili au watatu wadogo zilijikuta zikilipa kituo fedha zinazokaribiana na kodi ya nyumba. Hali hiyo iliwafanya baadhi ya wazazi, hususan akina mama, kupunguza saa za kazi au kuacha ajira kabisa.

Masharti ya ada

Mabadiliko makubwa yalianza Septemba 2022, Serikali ilipoanzisha mfumo wa ruzuku ya msingi inayolipwa moja kwa moja kwa vituo. Kiasi ambacho kituo hupata hutegemea idadi ya nafasi, umri wa watoto, saa za kufungua na sifa za kitaaluma za viongozi wake. Kwa kupokea fedha hizo, mmiliki alikubali kutopandisha ada juu ya kiwango alichokuwa akitoza Septemba 2021. Mwezi huohuo viwango vya chini vya mishahara ya walezi vilianza kutumika kisheria, ili kuzuia ada kusitolewe jasho na watumishi.

Mfumo huo umeambatana na wajibu wa uwazi. Kituo kinachopokea fedha za umma hutakiwa kuwa na orodha ya ada inayoonesha kila aina ya huduma, saa zake, gharama yake, amana na malipo ya ziada. Mzazi huoneshwa orodha hiyo kabla ya kumwandikisha mtoto, na hupewa taarifa mapema endapo kuna mabadiliko. Lengo ni kumwezesha mzazi kulinganisha vituo kwa kigezo kimoja, na kuizuia ruzuku isigeuke kisingizio cha kupandisha bei.

Kusitisha upandaji wa ada kulikuwa na kasoro yake. Vituo vilivyokuwa na ada ndogo mwaka 2021 vilibaki na mapato madogo ilhali gharama zikipanda, na vile vya ada kubwa viliendelea kutoza ada kubwa. Kwa sababu hiyo, Serikali iliweka utaratibu wa kuviruhusu vituo vya ada ndogo kuomba nyongeza, kisha ikaweka ukomo wa juu. Tangu Septemba 2025, kituo kilichojiunga na mfumo hakiruhusiwi kutoza zaidi ya yuro 295 kwa wiki kwa nafasi ya kutwa ya saa 40 hadi 50, kabla ya kuondoa ruzuku ya mzazi. Kujiunga ni kwa hiari, hivyo kituo kilicho nje ya mfumo hakifungwi na ukomo huo.

Hesabu ya mzazi

Mzazi hupata nafuu kupitia njia mbili. Ya kwanza ni elimu ya awali bila malipo iliyoanza Januari 2010, ambayo humpa mtoto saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka. Tangu Septemba 2018 mtoto hunufaika kwa miaka miwili. Kituo hakiruhusiwi kudai nyongeza kwa saa hizo, na huduma yoyote ya ziada lazima iwe ya hiari.

Ya pili ni Mpango wa Taifa wa Malezi ya Watoto, uliotokana na sheria ya mwaka 2018 na kuanza kupokea maombi Novemba 2019. Mpango huo una ruzuku kwa wote na ruzuku inayopimwa kwa kipato cha familia. Ruzuku kwa wote ilikuwa yuro 0.50 kwa saa mwanzoni, ikapanda hadi 1.40 Januari 2023 na 2.14 Septemba 2024, kwa saa zisizozidi 45 kwa wiki.

Kwa mfano, mtoto anayekaa kituoni saa 45 kwa wiki kwa ada ya juu ya yuro 295 hupata ruzuku ya yuro 96.30, na mzazi hubaki na yuro 198.70 za kulipa. Orodha ya ada ikiwa wazi, mzazi anaweza kuifanya hesabu hii mwenyewe kabla hajakwenda kituoni.

Nafasi 20 kwa nyumba 75

Upande wa upangaji, mwongozo unaotumika ni ule uliotolewa kwa mamlaka za mipango mwezi Juni 2001. Mwongozo huo unaelekeza kuwa katika maeneo mapya ya makazi kuwe na kituo kimoja chenye nafasi zisizopungua 20 kwa kila nyumba zipatazo 75. Mamlaka inaweza kurekebisha kiwango hicho kwa kuzingatia vituo vilivyopo na umri wa wakazi wanaotarajiwa. Mwongozo wa majengo ya ghorofa wa mwaka 2018 uliongeza kuwa nyumba za chumba kimoja kwa kawaida zisihesabiwe.

Utaratibu huu umesaidia kuingiza malezi ya watoto katika michoro ya mipango miji, lakini una mianya miwili. Kwanza, kibali cha ujenzi kinaweza kumlazimisha mwendelezaji kujenga jengo, ila hakimlazimishi mtu yeyote kuliendesha. Jengo linaweza kukamilika na kubaki bila mwendeshaji. Pili, kiwango hicho huhesabu nafasi bila kutaja ni za watoto wa umri gani.

Kwa nini watoto wachanga hukosa nafasi

Kanuni za mwaka 2016 zinataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya mwaka mmoja, watano wa mwaka mmoja hadi miwili, sita wa miaka miwili hadi mitatu, na wanane wa miaka mitatu hadi sita, kwa huduma ya kutwa. Kanuni hizo pia zinataka mita za mraba 3.5 kwa kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na 2.3 kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita.

Kwa hesabu hiyo, watoto 20 wa miaka minne huhitaji walezi watatu na mita za mraba 46. Watoto 20 wachanga huhitaji walezi saba na mita za mraba 70. Kituo cha nafasi 20 kinaweza kutimiza sharti la mipango miji bila kupokea hata mtoto mchanga mmoja. Kwa kuwa ada imewekewa ukomo, mmiliki anayetafuta kujiendesha huvutwa zaidi na watoto wakubwa, wakati mama anayemaliza likizo ya uzazi hutafuta nafasi ya mtoto mchanga.

Hatua zinazoendelea

Serikali imetambua pengo hilo. Fedha za ujenzi zimeelekezwa katika kuongeza nafasi za watoto wa chini ya miaka mitatu. Programu ya Serikali iliyotangazwa Januari 2025 imeweka lengo la kushusha gharama hadi yuro 200 kwa mwezi kwa mtoto, na kwa mara ya kwanza inakusudia Serikali kumiliki majengo ya vituo. Kwa upande wa mipango, Sheria ya Mipango na Maendeleo ya mwaka 2024 inachukua nafasi ya ile ya mwaka 2000, ambayo mwongozo wa 2001 uliitegemea.

Jambo la kuzingatia

Mfano wa Ireland unaonesha kuwa uwazi wa ada humlinda mzazi aliyekwisha kupata nafasi, lakini haumsaidii aliye kwenye orodha ya kusubiri. Ada inapopungua, wanaohitaji huduma huongezeka, na upungufu wa nafasi hudhihirika zaidi. Hivyo, mamlaka inayopanga ada na ile inayotoa vibali vya ujenzi zinahitaji takwimu zilezile: ni watoto wangapi, wa umri gani, katika mtaa upi, na nani ataendesha kituo jengo litakapokamilika.