Jumba la Baraza la Mji wa Liverpool

Katika mji wa Liverpool, kaskazini-magharibi ya Uingereza, mwisho wa njia iitwayo Castle Street, lipo jumba la mawe lenye kuba na nguzo, lililojengwa kwa kufuata kaida za Wayunani na Warumi wa kale. Mgeni alitazamapo kwa mara ya kwanza huona heshima na utulivu. Lakini jumba hili, kama hati ya zamani, halina budi kusomwa mstari kwa mstari.

Lilijengwa kati ya mwaka 1749 na 1754 kwa ramani ya John Wood wa Bath. Watu wa zama zile waliliita Exchange, yaani mahali pa kukutania wafanya biashara. Chini palikuwa na ua wao, na juu vyumba vya baraza na vya dhifa. Basi utawala na biashara vilikaa chini ya paa moja, na mara nyingi watu walikuwa wale wale, kwani mameya wengi wa karne ile walikuwa na fungu katika biashara ya watumwa. Meli za Liverpool zilichukua kadiri ya nusu ya Waafrika milioni 3 waliovushwa Atlantiki na Waingereza.

Mwezi wa Agosti 1775, mabaharia wa meli moja ya watumwa walipunguziwa ujira wa mwezi kutoka shilingi 30 hadi 20. Wakafanya ghasia. Walipopigwa risasi kutoka jumbani na baadhi yao kufa, walishusha mizinga melini wakalipiga jumba lenyewe. Ugomvi ulikuwa juu ya ujira tu. Hali ya watu waliochukuliwa melini haikuwa neno la kushindaniwa.

Mwaka 1795 moto uliteketeza sehemu ya ndani. Jumba likajengwa upya kwa mashauri ya James Wyatt. Kuba likamalizika mwaka 1802, na ukumbi wa mbele wenye nguzo ukaongezwa mwaka 1811, miaka minne baada ya Bunge kuipiga marufuku biashara ile. Kwa Kiswahili, neno baraza hutaja kibao cha mbele ya nyumba, na pia watu wakutanao kushauriana. Mgeni aingiaye Liverpool kwa baraza ile ya mawe huenda akadhani kwamba jumba lote ni la zama za baada ya marufuku.

Ukuta humsahihisha. Juu, chini ya ukingo wa paa, umezunguka utepe wa nakshi wa jengo la kwanza: nyuso za Waafrika, ndovu, simba na mamba. Wengi wa Waafrika waliouzwa hawakupitishwa Liverpool. Walitoka Afrika ya Magharibi moja kwa moja hata visiwa vya Karibi. Katika ua wa wafanya biashara walikuwa hesabu tu daftarini. Nyuso zao zilionekana ukutani, nazo ziliwekwa kuwa pambo la fahari.

Mwezi wa Desemba 1999, baraza la mji liliomba radhi rasmi kwa sehemu ya Liverpool katika biashara hiyo. Nakshi hazikuondolewa. Kilichobadilika ni maana yake: zilizochongwa ziwe majivuno zimekuwa ushahidi. Kama zingaling'olewa, jumba lingebaki na nguzo zake nzuri, na mgeni angeisoma nusu ya hati akaidhani nzima.