"Hii Gemu Imepangwa!": Historia ya Lawama za Soka la Mtandaoni

Niliahidi kuandika juu ya hifadhidata wiki hii, lakini mniwie radhi, hiyo itangoja kidogo. Jumamosi nilipita Kariokor kuchukua viatu vya ngozi nilivyoagiza pale sokoni. Nikiwa njiani kurudi nikasikia kijana akipiga kelele ndani ya chumba cha kuchezea gemu: "Hii gemu imepangwa!"

Nilicheka peke yangu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na miaka kumi, mtaa huo huo. Tofauti ni kwamba mimi nilicheza na mtu aliyeketi kando yangu. Yeye alikuwa anacheza na mtu ambaye huenda hatamwona maishani.

Basi leo tuangalie historia ya lawama hizi. Watu walilalamikia nini, lini, na je, walikuwa na haki? Si swali la mzaha, maana siku hizi kuna pesa ndani yake.

Kwa wasioijua, Kariokor ni mtaa wa Eastlands, Nairobi, karibu na Ziwani na Gikomba. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wanapajua kwa nyama choma na viondo. Sisi watoto wa pale tulipajua pia kwa PlayStation 2.

Mwaka 2007 hivi, chumba cha gemu kilikuwa na televisheni nene ya zamani, benchi moja na padi mbili zilizofungwa kwa selotepu. Mechi ilikuwa shilingi 10, na anayeshindwa ndiye analipa na kumpisha mwingine. Gemu zilikuwa mbili. FIFA ya Electronic Arts (EA) ya Marekani, iliyoanza mwaka 1993, na Winning Eleven ya Konami ya Japani, iliyoanza mwaka 1995, ambayo tangu 2001 nchi nyingine ziliijua kama Pro Evolution Soccer.

Lawama zilikuwepo hata wakati huo! Aliyecheza Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006 anamkumbuka Adriano wa Inter. Ukimwachia nafasi na mguu wake wa kushoto, hata kutoka mbali, kipa wako alibaki akitazama tu. Wengine walisema padi ya kulia ni mbovu. Mwenye chumba alikuwa na jibu moja kwa yote: "Kama ni padi, badilishaneni. Kama ni timu, badilishaneni. Ukipigwa tena, lipa."

Naomba mshike jibu hilo, kwa sababu historia yote inayofuata inalihusu. Kila lawama ilikuwa na kipimo chake mle chumbani, na kila mtu aliyeketi kwenye benchi alikuwa shahidi.

Halafu ukaja mtandao, na lawama zikawa tatu.

La kwanza ni umbali. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Habari ikipanda na kushuka inakula karibu robo ya sekunde, na jibu likirudi kwa njia hiyo hiyo ni robo nyingine. Gemu ikienda kwa picha 60 kwa sekunde, nusu sekunde ni picha 30. Yaani unabonyeza kupiga pasi, na jibu linakufikia wakati beki ameshaondoka na mpira. Soka la namna hiyo halichezeki.

Julai 2009 mkebo wa baharini wa SEACOM ukawashwa, na TEAMS ukafika Mombasa mwaka huo huo. Mambo yakabadilika kweli, lakini fizikia haina huruma. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, na njia ya mkebo ikiwa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla hujaongeza ucheleweshaji wa mitambo ya njiani. Hizo ni picha sita. Mpinzani anayeishi karibu na seva anaweza kuwa na picha moja tu. Tena mwezi Mei 2024 mikebo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikaenda kwa kuchechemea. Kwa hiyo kijana wa Kariokor akisema "mchezaji wangu anachelewa", mwaminini. Ni hesabu, si visingizio.

La pili ni lile la kupangwa. Kwa miaka mingi wachezaji wa FIFA wamedai kwamba kompyuta ikiona unaongoza inakupunguzia nguvu: pasi zinapotea, kipa anageuka mlevi. EA imekanusha kila mara. Moto ulizidi watafiti wa kampuni hiyo walipochapisha, mwaka 2017, makala juu ya kurekebisha ugumu wa gemu ili mchezaji asichoke akaondoka. Novemba 2020 wachezaji watatu walifungua kesi California. EA ikasema teknolojia hiyo haimo katika FIFA, ikawapa walalamikaji maelezo ya kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi, na mwaka 2021 kesi ikaondolewa.

Mimi kama mwandika programu naona hivi. Mfumo wa kupanga wapinzani unajaribu kukupa mtu wa kiwango chako. Ukishinda unapewa mgumu zaidi, ukishindwa unapewa nafuu. Mwisho wake ni kwamba unashinda karibu nusu ya mechi. Sasa mchukue bingwa wa chumba, aliyezoea kushinda mechi tisa kati ya kumi, umwambie kuanzia leo atashinda tano. Ataona mkono wa mchawi! Kwa hiyo lawama hii sioni kama imethibitishwa. Lakini simcheki anayeitoa. Mle chumbani alibadilisha padi akajua ukweli. Hapa programu imefungiwa mbali, na waliofunguliwa mlango kidogo ni walalamikaji wa kesi ile.

La tatu ndilo linaloniuma. Machi 2009, ndani ya FIFA 09, EA ilileta Ultimate Team. Unaunda timu kwa kadi za wachezaji, na kadi zinatoka kwenye pakiti ambazo hujui ndani kuna nani mpaka ulipe ufungue. Unaweza kuzipata kwa kucheza sana, au kwa pesa. Na toleo jipya likitoka mwaka unaofuata, unaanza timu upya. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, EA iliripoti kwamba Ultimate Team za gemu zake zote ziliingiza dola bilioni 1.62.

Aprili 2018 wasimamizi wa kamari wa Ubelgiji walisema pakiti kama hizo ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Uholanzi nao wakatoza faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta. Kuanzia FIFA 19 EA inaonyesha uwezekano wa kupata kadi za viwango mbalimbali. EA na FIFA waliachana, na tangu Septemba 2023 gemu inaitwa EA Sports FC. Jina limebadilika, pakiti zimebaki.

Ngoja niwape kisa cha nyumbani. Binamu yangu wa miaka 14 alichukua simu ya mama yake akawa ananunua pakiti kwenye gemu moja ya soka ya simu, ambayo sitaitaja. Kidogo kidogo, mia mbili leo, mia tatu kesho, hadi zaidi ya shilingi 3,000. Shangazi huuza mitumba Gikomba, na hizo zilikuwa pesa za kununulia mzigo. Akaniita. "Mwanangu, si wewe ndiye ulisomea hizi kompyuta? Hebu nionyeshe alichonunua." Nikafungua simu nikamwonyesha picha za wachezaji. Akauliza, "Anaweza kuziuza?" Nikasema hapana, shangazi. Akanyamaza. Sijawahi kuionea haya kazi yangu kama siku ile.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Lawama ya umbali ni ya kweli, na dawa yake ni seva karibu nasi na kutopambanisha watu wa mbali. Lawama ya kupangwa haijathibitishwa, na dawa yake ni uwazi. Lawama ya kadi ni ya kweli na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu si kasoro ya programu. Mtu aliketi akaiandika hivyo makusudi. Dawa yake ni kuniuzia mchezaji ninayemtaka kwa bei ninayoiona, au kuniachia mashindano ambayo wote tuna timu sawa, kama Inter ilivyokatazwa kwetu.

Na yule kijana wa Jumamosi? Niliingia nikamwambia azime mtandao, achukue padi yoyote na timu yoyote. Alinipiga 4-1. Nikasema padi yangu mbovu, tukabadilishana. Akanipiga 3-0. Nililipa.

Nanyi wasomaji, mnaonaje? Niandikieni. Wiki ijayo ni hifadhidata, safari hii kweli.