Siku 804 katika jela ya Iran: Kylie Moore-Gilbert alivumilia namna gani?

Kufungwa katika inchi ya wengine, juu ya kosa ambalo haukufanya, tena katika luga usiyoisikia, ni mzigo mkubwa. Wengi wanavunjika. Wengine wanapata njia ya kusimama. Tuangalie mfano mmoja.

Ni nani?
Kylie Moore-Gilbert ni mwalimu wa chuo kikuu, raia wa Australia na wa Uingereza. Alikuwa akichunguza siasa ya Mashariki ya Kati. Septemba 2018 alienda Iran kwa mkutano wa masomo. Wakati wa kurudi kwao, Walinzi wa Mapinduzi, jeshi lenye nguvu sana kule, walimukamata kwenye uwanja wa ndege wa Tehran. Walisema ni mpelelezi. Yeye alikana, na serikali ya Australia pia ilikataa mashtaka hayo. Alihukumiwa kwa siri miaka 10.

Ni nini ilimusaidia?
Miezi ya kwanza aliwekwa peke yake katika chumba kidogo cha jela ya Evin. Hapo alishika mambo manne:

- Luga. Alijifunza Kiajemi mule mule ndani. Hivyo aliweza kuelewa walinzi na kuongea na wafungwa wenzake.
- Wenzake. Wanawake wengine waliofungwa kwa kazi yao ya kulinda mazingira walimuachia barua ndogo na chakula kwa kificho. Alijua hayuko peke yake.
- Kukataa. Alifanya mgomo wa kula mara nyingi. Walinzi wa Mapinduzi walimuomba awe mpelelezi wao. Alikataa kwa maandishi.
- Barua. Zingine zilitoka inje kwa siri, na mwaka 2020 magazeti ya Uingereza yakazitoa. Kesi ikajulikana duniani.

Alitoka namna gani?
Siyo tribinali iliyomufungua. Tarehe 25 Novemba 2020 aliachiliwa, na Wairani 3 waliofungwa Thailand juu ya mpango wa mabomu wa 2012 wakarudishwa kwao. Ndiyo maana watu wanaita jambo hilo siasa ya mateka: mfungwa anakuwa kama bidhaa ya kubadilishana. Mwaka 2022 alitoa kitabu juu ya maisha yake jelani.

Na sisi?
Kama ndugu yako amefungwa inje ya inchi, ujue hii: Mapatano ya Vienna ya 1963, kifungu 36, yanamupa haki ya kuomba ambasadi au konsula ya inchi yake ijulishwe bila kukawia, na wajumbe wake wanaweza kumutembelea. Haki hiyo lazima iombwe. Jamaa andikeni majina yake yote, tarehe na mahali alikokamatwa, kisha mpeleke karatasi hizo kwa wakubwa na kwa avoka. Na kama njia iko, mumutumie neno. Mfungwa anayejua kama wanamutafuta anavumilia zaidi.