Snapshot Serengeti

Snapshot Serengeti ni mradi wa utafiti wa wanyamapori katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo sehemu yake iko katika wilaya za Serengeti na Tarime, Mkoa wa Mara, Tanzania. Mradi hutumia kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Mbinu yake ya kuchambua picha ilitoka katika astronomia, na historia yake inaonyesha jinsi akili bandia inavyobadilisha kazi katika fani zote mbili.

== Chanzo katika astronomia ==
Kevin Schawinski, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliwahi kuainisha galaksi 50,000 kwa macho katika wiki moja. Zilikuwa zimebaki karibu milioni moja. Mwaka 2007 yeye na wenzake, akiwemo Chris Lintott, walianzisha tovuti ya Galaxy Zoo ili watu wa kujitolea wasaidie. Kutokana nayo ilizaliwa Zooniverse mwaka 2009.

== Kamera ==
Mwaka 2010 Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kuweka kamera, ambazo zilifikia 225 katika eneo la km² 1,125. Hadi 2013 zilikuwa zimetoa seti milioni 1.2 za picha. Karibu robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote. Kuanzia Desemba 2012 picha hizo ziliwekwa Zooniverse, na zaidi ya watu 28,000 walijisajili kuzitambua. Majibu yao ya pamoja kuhusu spishi yalilingana na ya wataalamu kwa asilimia 96.6.

== Akili bandia ==
Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya programu iliyofundishwa kwa picha milioni 3.2 za mradi huo, zenye spishi 48. Kwa asilimia 99.3 ya picha zote, programu ilifikia usahihi uleule wa watu. Kazi iliyookolewa ilikadiriwa kuwa zaidi ya miaka 8 ya mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki.

Hata hivyo programu ilijifunza kutokana na majibu ya watu wa kujitolea. Pia ilikosea zaidi kwa spishi zenye picha chache, kama vile kicheche.

== Maana kwa kazi za astronomia ==
Wanaastronomia wanakabili hali hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kituo cha Vera C. Rubin nchini Chile kimeundwa kutoa hadi taarifa milioni 10 za mabadiliko angani kila usiku, idadi isiyoweza kupitiwa na watu. Kwa hiyo uainishaji wa mkono, uliokuwa kazi ya wanafunzi wengi, unapungua, na ujuzi wa programu na takwimu unahitajika zaidi.

Kazi ya kutambua kisichotarajiwa imebaki kwa watu. Mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa Uholanzi, aliona katika picha za Galaxy Zoo wingu la gesi la aina ambayo haikujulikana. Wingu hilo huitwa Hanny's Voorwerp.